Mahari Iliyokunywa Petroli

Abner alikataa ng'ombe. Wakwe walikuwa tayari kuleta kumi na wawili, wote wa gredi, wawili kati yao wakiwa wanakamuliwa, na mbuzi wanane juu yake, naye akakataa. Nilikuwepo, kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu Abner ni mtoto wa baba yangu mdogo na mimi nilikuwa nimepita kwake Ekerenyo kwa wiki mbili, katika zile safari zangu za kupita tu.

"Ng'ombe wana kupe," akasema. "Wana ugonjwa wa miguu, wana wezi. Mimi ni mzee wa kanisa, sina mbio za kufukuzana na wezi. Mkwe wangu amekuja na gari lile pale nje. Nipeni lile."

Watu wakacheka. Walidhani ni maneno ya siku ya mahari, mtu anaomba mlima ili apewe kichuguu. Lakini Momanyi, bwana harusi mwenyewe, hakucheka. Momanyi anauza simenti na mabati pale Keumbu, ni mtu wa kupima kitu kabla ya kukitoa dukani. Akaangalia gari lake kupitia dirishani, akaangalia chini, kisha akasema polepole, "Kama mzee amelipenda, mimi ni nani nimnyime?"

Hapo hapo ndipo ningesema kitu. Nimetengeneza magari Moshi, Kampala, Eldoret na mahali pengine ambapo nikitajwa bado watu wanakasirika, na sijaona mwenye gari kubwa akilitoa haraka hivyo isipokuwa gari lenyewe limeanza kumla. Lilikuwa lile gari jeusi refu la waheshimiwa, injini ya silinda nane, magurudumu yote manne yanavuta, viti vya ngozi, paa la kioo. Miaka kumi na moja tangu litoke kiwandani. Nilipopita kando yake kwenda kukojoa nilisikia harufu tamu ya maji ya rejeta chini yake. Nikanyamaza. Chakula kilikuwa bado hakijaletwa.

Onyancha, baba mdogo wa Momanyi, ndiye aliyeshika daftari la mapatano. Akaandika: mahari, gari moja, linatembea. Abner akatia sahihi kwa madaha kama anafungua benki. Nyamoita, binti mwenyewe, alikuwa jikoni na wanawake. Walipompelekea habari akasema, "Kwani mimi naolewa na makanika?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga uji wa wimbi.

Kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Bravin, kaka yake Nyamoita, alikuwa na msichana tayari kule Nyaramba, akingojea tu hao kumi na wawili waingie kwa lango la baba yake watoke wakielekea kwa wakwe zake. Badala yake liliingia gari. Gari halizai. Msichana wa Nyaramba alingoja mwaka mmoja, akaolewa na mwalimu.

Mimi niliondoka, nikawa narudi mara moja kwa mwaka, na kila nikirudi nilikuta kitu kimepungua katika boma la Abner. Mwaka wa kwanza miti ya mkaratusi ya mpakani haikuwepo. Ilikuwa imegeuka tairi. Tairi moja ya gari lile, mpya, ilikuwa shilingi elfu arobaini na tano, na halikubali tairi nyingine yoyote. Ukiliwekea ya bei nafuu, taa inawaka dashibodini na gari linanuna. Majani chai wakati huo yalikuwa yanalipwa shilingi ishirini na tano kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe ni kilo ngapi, halafu ujue zilikuwa zinapanda kilima mgongoni mwa Gladys, mkewe, si mgongoni mwa Abner. Abner alikuwa anaendesha.

Mwaka wa pili ng'ombe wao mmoja wa maziwa hakuwepo. Gari lile halikai juu ya springi kama lori la watu. Linakaa juu ya mifuko minne ya upepo, na pampu ndogo inaijaza. Mfuko mmoja wa nyuma ukatoboka. Basi ikawa kila asubuhi gari limelala upande mmoja, matako chini, na vijana wa bodaboda wakipita wanaita, "Mzee Abner! Ng'ombe wako amelala, ita daktari!" Daktari alikuja kutoka Kisii na kompyuta ndogo kwenye begi. Alitoza elfu tano kuchomeka waya na kusoma, na baada ya kusoma akasema hana hiyo spea, iko Nairobi.

Petroli ndiyo sitaki hata kuisema. Kwenda Nyamira mjini na kurudi, lita kumi, na ni mahali ambapo mtu mwenye afya anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya giza. Abner alikuwa anaweka ya mia tano, mia tano, na gari la namna hiyo ukilipa ya mia tano ni kama kumpa tembo karanga. Maji ya rejeta yalipopungua aliongeza ya mtoni. Oili ilipokwisha alimwaga ya lori, kwa sababu ilikuwa nusu bei. Nilipomwambia, akaniambia, "Nyamweya, wewe hujawahi kuwa na gari."

Ilikuwa kweli.

Lakini siku ya Sabato lilikuwa linatoka. Hata kama nyumbani hakuna chumvi, lilioshwa tangu Ijumaa mchana, Sabato likaenda kanisani mwendo wa mita mia tisa, likaegeshwa mbele ya mlango ambapo hata mchungaji hakuwa anaegesha. Abner alikuwa akishuka anangoja kidogo kabla ya kufunga mlango, ili watu wasikie vile unafunga. Kweli mlango ule ulikuwa unafunga vizuri.

Likafa Agosti, njiani kwenda makambi ya kanisa, na kina mama saba wa kwaya ndani. Mlimani injini ikachemka, moshi mweupe ukatoka mbele, kwaya ikashuka mbio na sare zao za bluu. Lilirudishwa nyumbani likivutwa na trekta. Kwa miaka miwili likakaa nyuma ya jiko. Kuku walitaga kwenye viti vya ngozi. Nusu ya shamba la chai ilikuwa tayari imekodishwa kwa jirani kwa miaka kumi, kwa ajili ya mambo ya mwanzo mwanzo, giaboksi na nini.

Nyamoita alirudi nyumbani Januari. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye plasta na jino la mbele halikuwepo. Alitembea kutoka barabarani na mfuko mmoja wa karatasi. Mtoto wake Linet, wa miaka mitano, hakuwa naye. Momanyi alikuwa amemfungia mtoto ndani akamwambia mama, wewe nenda, hiki ni changu.

Mara hii mimi nilikuwa nimerudi kwa kukaa, magoti yamekataa safari, nalala kwenye kibanda cha Bravin ambaye alikuwa ameshaenda kutafuta kazi ya mjengo Nairobi. Nilikuwa uani Nyamoita alipoingia. Baba yake alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Umefanya nini?" akamwuliza.

"Nimefanya nini?"

"Mtu hapigwi bure."

Gladys alitoka jikoni akamshika binti yake mkono mzima, akamwingiza ndani, akafunga mlango. Abner akabaki pale nje na mimi. Akaniambia bei ya hospitali siku hizi imepanda.

Tulikwenda Keumbu kuzungumza, Abner, mimi na Nyamoita. Onyancha alikuwa bado na lile daftari. Ni mzee wa haki, sitamsingizia. Alisikiliza upande wa huku na upande wa kule, akautazama ule mkono wa plasta kwa muda mrefu, akasema, "Hapa ndoa imekwisha. Mahari irudi, mama na mtoto waende. Ndivyo ilivyo tangu zamani."

"Gari limekufa," Abner akasema.

"Ng'ombe wa mahari akifa," akajibu Onyancha, "mwenye kumpokea anapeleka ngozi kwa wakwe waione."

Momanyi akapiga paja. "Basi leteni ngozi! Si lina viti vya ngozi? Vivueni mlete!" Vijana wake wa dukani, waliokuwa wamesimama mlangoni kusikiliza, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Halafu Momanyi akaacha kucheka. "Sikilizeni. Lilikuja kwenu likitembea. Lirudi likitembea. Lisivutwe na trekta, lisisukumwe, lisipandishwe juu ya lori. Likiingia kwa lango langu kwa nguvu zake lenyewe, nitawapa mtoto na nguo zake na hata ndoo yake ya kuogea. Lisipoingia mpaka mwisho wa Aprili, huyu mwanamke atarudi hapa apike. Na jino lingine lipo."

Onyancha akamkemea kwa hilo la jino. Lakini masharti aliyaandika, yote, na Abner akatia sahihi tena.

Njiani kurudi Nyamoita, anayeniita tata kama anavyomwita baba yake, aliniuliza, "Tata, linaweza kupona?"

"Kila kitu kinapona. Ni pesa."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia laki tatu na nusu, nikidhani nimemaliza mazungumzo.

Alikuwa nayo. Si mkononi. Alikuwa fundi cherehani pale Keumbu, na kwa miaka mitano alikuwa amenunua kijiploti kidogo nyuma ya soko, kimya kimya, kwa hela za sare za shule na nguo za harusi. Hakuna aliyejua, wala mumewe wala mamake. Alikuwa amepanga kujenga vyumba viwili, kimoja cha kulala yeye na Linet, kimoja cha mashine. Akakiuza kwa haraka kwa bei ya haraka. Akauza na mashine zote mbili. Alinikabidhi pesa hizo zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare ya shule, akasema, "Usimpe baba ashike."

Nikaanza kazi. Wiki tisa. Nilifungua injini nzima juu ya maturubai nyuma ya jiko. Mabomba ya maji ya plastiki yalikuwa yamepasuka mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki, sijui aliyeyaweka pale alikuwa amekasirikia nani. Silinda hedi zote mbili zilikuwa zimepinda, nikazipeleka kunyooshwa Kisii. Matope ya mto yalikuwa yameziba rejeta kama uji uliolala. Mifuko ya upepo, yote minne. Pampu. Panya walikuwa wamekula waya, na waya za gari lile ni nyingi kuliko nywele zangu za ujanani. Nimefanya kazi hii tangu nilipotoroka darasa la tano, na sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nasema ukweli. Hata bolti ambazo hakuna atakayeziona nilizifuta.

Nyamoita alikuwa akikaa kando yangu na ule mkono wake. Mwanzo alikuwa akinipa spana. Mwezi wa pili alikuwa akijua ipi kabla sijaomba.

"Tata, kumi na tatu?"

"Kumi na tatu."

Alikuwa haongei juu ya Momanyi wala juu ya mtoto. Siku moja tu, nikiwa chini ya gari, nikaona miguu yake imesimama. "Litafika?"

"Litafika. Mimi nimeanza magari—"

"Sijauliza umeanzia wapi. Nimeuliza kama litafika Keumbu."

"Litafika."

Siku ya kuliwasha, wiki mbili kabla Aprili haijaisha, liliwaka mara moja. Likanguruma chini chini, halafu likajiinua. Magari ya namna hiyo yakipata upepo yanainuka taratibu, kwanza nyuma, kisha mbele, kama mtu mkubwa anaamka kutoka kitini. Majirani walikuwa wamejaa ua. Abner alikuwa amesimama na fimbo yake. Alilikaribia, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo.

"Linapumua," akasema.

Kesho yake alilichukua mwenyewe mpaka sokoni Ekerenyo, kulijaribu, alisema. Akalijaribu na kesho kutwa. Siku ya Sabato alilijaribu mpaka kanisani. Aliporudi kila mara alikuwa na jambo la kuniambia: flani amesimama, flani ameuliza ni gari jipya au ni lile lile. Wale wa bodaboda wamelipisha njia. Nami, Mungu anisamehe kama hiyo ni kazi yake, nilikuwa namwongezea. Nilimwambia injini ile sasa ni nzuri kuliko siku ilipoletwa. Nilimfungulia boneti nikamwonyesha kila nilichofanya, kipande kwa kipande.

Gladys alinishika mkono karibu na tangi la maji. "Shemeji, ukimsifia tena gari hilo nitakumwagia maji ya moto."

"Kwa nini?"

"Umezunguka dunia yote na huoni?" Akaniacha.

Tulitoka Jumapili asubuhi, tarehe ishirini na saba. Mimi kwenye usukani, Abner kando yangu amevaa koti la suti, Gladys na Nyamoita nyuma. Gladys alikuwa amefunga nauli ya matatu ya watu watano kwenye ncha ya leso, kwa sababu tukishatoa gari tungerudi na matatu, na mtoto angelipiwa kiti chake mwenyewe. Alisema hivyo mara mbili. "Na Linet atakaa kiti chake. Hatapakatwa."

Tulipita Nyamira mjini, tukatokea Keroka. Nilikuwa naangalia sindano ya joto tu. Kwenye kilima cha kwanza Nyamoita alisogea mbele akawa anaiangalia pia juu ya bega langu, nilikuwa nasikia pumzi yake. Sindano ilikaa katikati. Kilima cha pili, katikati. Hakuna taa iliyowaka, hakuna mlio. Lilikuwa linakula barabara bila sauti.

Keroka Abner akasema, "Simama. Niendeshe mimi. Nataka wanione nikiingia."

Nikampisha. Ilikuwa haki yake, nilifikiri, aingie na aibu yake mwenyewe aikabidhi mwenyewe. Tukaanza kuteremka kwenda Keumbu. Aliendesha vizuri siku hiyo, mikono miwili. Akakanyaga kidogo, gari likaruka mbele kama limeitwa.

Na mimi nikafungua mdomo. "Unaona?" nikasema. "Sindano haijatikisika tangu nyumbani. Hili sasa litakwenda miaka kumi."

"Kumi?"

"Kumi, ukiliwekea oili yake safi."

Gladys aliupiga teke mgongo wa kiti changu. Abner alinyamaza mpaka Keumbu, na kunyamaza kwake hakukuwa kwa huzuni. Nilikijua kile kimya. Ni kile cha mtu anayepiga hesabu.

Lango la Momanyi lilikuwa wazi. Watu walikuwa wamekuja kucheka, mpaka waliopanda juu ya mabati ya mauzo. Gari likaingia polepole, kwa nguvu zake lenyewe, likazunguka uani, likasimama. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akanyamazishwa. Momanyi alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba na kikombe cha chai, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuza saruji akasahau kulipwa.

Onyancha akafungua daftari akasoma masharti kwa sauti, mpaka kwenye ndoo. Kisha akasema, "Limetembea. Mleteni mtoto."

Wakamleta Linet na mkoba wa shule na ndoo ndogo ya waridi. Hakumkimbilia mamake. Alimwendea taratibu kama anaogopa kumwaga kitu. Nyamoita hakungoja kusalimiana na mtu. Alifungua mlango wa nyuma, akampandisha, akapanda naye, akamfunga mkanda. Mtoto akapapasa kiti akasema, "Mama, ni laini."

"Abner," Onyancha akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Abner alikuwa nje ya gari, mgongo umeegemea mlango. Akaingiza mkono mfukoni. Haukutoka.

"Nimefikiri njiani," akasema.

Gladys alifunga macho.

"Nimefikiri hivi. Mimi ni mzee wa kanisa. Nitasimamaje mbele za watu niseme mbinguni kuna nini, kama nimevunja ndoa ya mtoto wangu kwa mikono yangu? Kijana amekosa, ndiyo. Nani hajakosa? Mtu akioa ameoa." Akakohoa. "Mimi sikuja kurudisha gari. Nimekuja kumrudisha mke wa kijana wenu."

Kisha Momanyi akaweka kikombe chini, akaanza kucheka, si kwa sauti, mabega tu, akaja akamkumbatia Abner. "Mkwe wangu! Mkwe wangu wa ukweli! Leteni soda!"

Nyamoita alishuka. Alisimama mbele ya baba yake karibu sana. "Tata, hilo gari nimelilipia mimi. Kila bolti. Nimeuza ploti yangu."

"Ploti gani?" Momanyi akauliza kutoka nyuma. Alikuwa ameshasikia.

Nyamoita akamgeukia Onyancha. "Mzee, wewe una haki. Sema. Gari ni langu, nalirudisha mimi."

Onyancha aliangalia daftari kama kwamba huenda limeandikwa kitu kingine. "Mama, umelitengeneza. Hukulipokea," akasema. "Mahari inarudishwa na aliyeipokea. Ingekuwa mwenye kuolewa anaweza kurudisha mwenyewe, hapa Gusii nani angebaki?"

Watu walicheka, wanaume na baadhi ya wanawake. Hapo ndipo walipopata kicheko chao walichojia.

"Nyamweya," Nyamoita akaniambia. Hakuniita tata. "Wewe ulikuwepo. Sema kitu."

Nikasema, "Abner, fikiria."

Hayo tu. Nimelala katika nchi nne, nimebishana na polisi wa mipaka mitatu, na hayo ndiyo maneno mawili yaliyotoka.

"Nimeshafikiria," Abner akasema.

Momanyi alikwenda akafungua mlango wa upande wa pili, akaanza kumvuta Linet. Mtoto hakulia. Aliushika tu mkanda kwa mikono yote miwili, na mkanda ukawa unamkaba kadiri baba yake anavyovuta, kwa sababu mikanda ya magari yale inakaza ikivutwa kwa nguvu. Momanyi hakujua kitufe kiko wapi. Alikuwa amesahau gari lake. Nyamoita aliona shingo ya mtoto, akazunguka mbio, akainama ndani, akabonyeza kitufe mwenyewe. Mkanda ukaachia. Momanyi akamchukua mtoto. Nyamoita akachukua mkoba na ile ndoo, akawafuata ndani ya nyumba. Hakugeuka.

Soda zililetwa. Abner alikunywa ya rangi ya machungwa.

Gladys alikataa kupanda gari. Alisimama katikati ya ua, akafungua ncha ya leso, akahesabu nauli ya mtu mmoja, zile nyingine akamtupia Abner miguuni, akatoka kwa lango. Hakurudi nyumbani siku hiyo. Alirudi siku ya tatu, kwa sababu majani yalikuwa yamekomaa na hakuna mwingine wa kuyachuna.

Mimi nilipanda. Ningekudanganya ningesema nilitembea, lakini magoti yangu unayajua. Nilikaa mbele, pale pale. Tulipopita Keroka Abner akaniuliza, "Hiyo oili, umesema kila baada ya muda gani?"

"Kila kilomita elfu tano," nikamjibu.

Sasa ni mwaka na zaidi. Watu wanaoyajua magari haya husema hayategemeki, ukinunua la namna hii nunua na la pili la kulivuta. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema hivyo. Lile la Abner halijaharibika hata mara moja. Asubuhi ya baridi, asubuhi ya mvua, linawaka mara moja, linajiinua, linakwenda. Nimelingoja lichemke. Nimelala kwenye kibanda cha Bravin nikisikiliza kama mifuko inavuja, na haivuji. Shamba la chai lililobaki limekodishwa nalo, kwa petroli na tairi, na Gladys sasa anachuna kibarua kwenye majani yake mwenyewe. Abner ananiita fundi wangu mbele ya watu.

Mwezi uliopita nilipata lifti ya pikipiki mpaka Keumbu, kutafuta mtu wa kuninunulia spana zangu, kwani nataka kuondoka tena, magoti au si magoti. Nilimkuta Nyamoita kando ya barabara. Cherehani hana. Pesa za ploti zilipojulikana Momanyi alimlipisha kwa njia zake. Alikuwa anauza nyanya juu ya gunia, amevaa sweta la mikono mirefu na jua lile lote. Linet alikuwa shuleni, alisema. Niliomba nyanya za hamsini kwa sababu sikujua niombe nini.

Alichagua nzuri, akaniongezea moja.

"Gari linaendeleaje?" akaniuliza.

"Linaenda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeambiwa kazi yake imekaa vizuri, akageukia mteja mwingine.